Bula, na Bibi Aliyekosa Muhuri

Juzi nilikuwa msibani Mwananyamala. Chini ya turubai kijana mmoja aliyevaa tai akaanza kutusomesha: amri ya Papa huitwa bula. Nikamwacha ajisifu. Shule niliiachia njiani, nyumba ya Kibamba nimejenga kwa jasho langu, na neno hilo nilikuwa nalo kabla baba yake hajaota meno.

Alitufundisha katekista, utotoni, hapohapo Mwananyamala, kwenye banda la makuti. Sie watoto tulifagia, tukachota maji, tukagonga rimu ya gari iliyokuwa kengele yetu. Akishashiba mihogo ya nazi ya mama zetu, alitueleza: bula ni Kilatini, donge la mviringo. Papa akitoa amri, donge la madini ya risasi lenye chapa huning'inizwa kwa uzi, watu wajue ni yake. Mwisho barua yenyewe ikabeba jina la muhuri. Alilipenda somo lile kuliko Injili.

Basi bibi yangu akaja kutoka bara, kifua kinamsumbua, anataka kukomunika, apokee Ekaristi, kabla hajafa. Katekista akadai barua ya parokia ya bibi, kuthibitisha ni muumini. Ikaletwa, padri wa kule kasaini kwa mkono, muhuri hamna. Akairudisha kwa ncha za vidole kama kitu kilichookotwa jalalani.

"Mama, hata ya Papa bila bula ni karatasi tu."

Bibi akakaza khanga yake. "Mwalimu, na Petro alipigiwa muhuri gani?"

Wanawake wakacheka hadi kushika mbavu. Bwana yule akanuna, na jina la bibi halikufika kwa padri. Kila Jumapili bibi wa watu alikaa benchi la nyuma, akiimba Kilatini kizima bila kitabu, benchi zima likimfuata, sauti ya katekista haisikiki. Akafa masika yale, hajakomunika.

Ukubwani padri mmoja akaniambia kwamba kwa Warumi neno bula lilianza kwa maana ya kiputo cha maji, kile kinachopasuka ukikigusa. Nilicheka, tena sana. Kiputo ndicho kilichomzuia bibi yangu.

Leo banda lile ni duka la vigae. Ng'ambo ya barabara wanachonga mihuri ukisubiri: ya mwenyekiti, ya daktari, ya yeyote umtakaye. Mihuri imejaa tele. Ila nikiuanza wimbo wa bibi, hakuna wa kuitikia.