Mbao Tatu za Endara

Ndugu yangu, nilirudi Bwera kumzika bibi, nikiwa na ombi lake la mwisho. Alitaka azikwe endara ikipigwa.

Kama huijui, endara ni ala ya muziki, mbao zinazopangwa juu ya vigogo viwili vya mgomba na kupigwa kwa vijiti, wapigaji wakikaa pande zote. Siku za kipindupindu, bibi na wenzake watatu waliipiga sokoni, wakiimba kwamba watu wachemshe maji. Hakuna redio iliyowahi kuwaita. Wenye maduka waliwacheka, eti wazee wanafundisha watu kupika maji! Mimi nilikaa nyuma ya bibi nikitafuna muhogo wa kuchoma, nikiwachukia wote waliocheka.

Jioni kila mpigaji alirudi kwake na mbao zake tatu, ili asiwepo wa kupiga peke yake. Bibi alizitundika juu ya jiko, moshi uzikinge na wadudu. Hata maji yetu ya kunywa yalinukia moshi. Lo, ningeyapata leo!

Basi nikazishusha za bibi, nikazitafuta za wenzake. Huko Kinyamaseke nikapewa tatu, na huko Nyakiyumbu tatu, na jamaa za wapigaji wawili waliotangulia kufa. Zikabaki za mama jirani, aliyekuwa akikaa uso kwa uso na bibi wakipiga. Aliposikia ninachotaka, alinishika mikono.

"Mutoto yangu, ziliungua," akasema. "Mvua ilinyesha siku nyingi, mayi ya muto ikachafuka, wajukuu beko wanahara. Kuni yote ililowa. Ile mbao tu ndiyo ilikuwa kavu. Si tuliimba watu bachemushe mayi? Nikachemusha. Batoto wakapona."

"Bibi alijua?"

"Nitamwambia nini? Mpaka mwisho alikuwa ananiuliza, tutapiga lini tena."

Nilitaka kukasirika, nikashindwa. Nililia tu, naye akalia.

Siku ya mazishi tulilaza vigogo, tukapanga mbao tisa, tukazipiga tulivyoweza. Mama jirani alikaa mahali pake palepale, akipiga kigogo kitupu, du, du, sauti isiyofika popote. Waliokuwa wakiujua wimbo ule wamekwisha, amebaki yeye tu, na sokoni siku hizi watu wananunua maji ya chupa.

Wajukuu wake watatu, warefu, wazima, walisimama nyuma yake. Mdogo wao akaninong'oneza, "Dada, mbona wimbo iko na mapengo?"