Waridi la Njano Kutoka Nansio

Waridi langu lilinuka dagaa kwanza, ndipo likanukia lenyewe. Kila jioni mama alipokuwa akiosha dagaa uani kwetu Mirongo, nilisimama karibu naye, kopo mkononi, nikisubiri yale maji machafu, nikayamwage kwenye shina. Nzi walinifuata msafara mzima, na paka wa jirani alikuja kulamba udongo. Lakini asubuhi ukisogeza pua kwenye ua lile, unasahau nzi na paka wote. Lilikuwa la njano, kingo zake nyekundu kama ukingo wa kikombe alichonywea bibi harusi aliyejipaka rangi ya mdomo. Shangazi yangu alilivusha kutoka kisiwani, Nansio, likiwa mche ndani ya kopo la mafuta ya kupikia, amelipakata kwenye meli kama mtoto mchanga. Alipewa na sista mmoja wa misheni alikokuwa akifua nguo. Mwanza nzima hakuna aliyekuwa na rangi ile.

Hiyo ilikuwa miaka ya Ujamaa. Sukari tuliipangia foleni, na shuleni tulilima pamba huku tukiimba. Usingedhani kulikuwa na watu wenye nafasi ya kuwaza maua, lakini walikuwapo. Kulikuwa na chama cha taifa cha wapenda waridi, na tawi la Mwanza lilikutana sebuleni kwa Mama Justa, muuguzi mwenyeji wa Bukoba, jirani yetu na katibu wa tawi. Wanachama walikunywa chai kavu, wakaitana ndugu, wakabishana juu ya samadi ya mbuzi na ya ng'ombe kwa sauti za bungeni. Balozi wetu wa nyumba kumi alikuwa akipita dirishani na kuuliza, "Ndugu zangu, hayo maua mnayaunga karanga?"

Justa mwenyewe alikuwa akisoma mbali, basi mimi nikawa mtoto wa nyumba ile. Mama Justa alinifundisha kila kitu. Alinichuchumalisha mbele ya shina, akanishikisha kidole kwenye uvimbe mdogo karibu na udongo. "Hili ndilo fundo, Kabula. Chini yake ni waridi mwitu, limepewa kazi ya kubeba tu. Juu yake ndilo ua lako, lilipandikizwa hapa kwa jicho la tawi. Kata juu ya fundo upendavyo, litachipua. Kata chini yake, umeliua." Nilimpenda, nadhani, kwa namna iliyomtia mama yangu wivu kidogo.

Kisha ikaja habari kwamba maonyesho ya taifa ya waridi yangefanyika Mwanza, na watoto wangeruhusiwa. Basi nikaota! Niliona nimeshinda, nimepanda treni kwenda kulionyesha Dar es Salaam, waridi mapajani, abiria wanasogea kunipisha. Darasa zima nililiahidi peremende.

Siku moja wakati wa senene nilirudi shule nikakuta waridi langu limebaki kisiki kilichorundikiwa samadi. Mama akaniambia, "Mama Justa amekuja kukukatia, lichanue vizuri siku ya maonyesho. Matawi ameenda kuyachoma, anasema yana ugonjwa." Nilikimbia kwake kumshukuru. Ndiyo, kumshukuru! Alinipakulia senene kwenye kisosi, akanifuta jasho kwa upindo wa kitenge chake.

Kisiki kikachipua kwa fujo. Fito ndefu, miiba mikali, majani tele, ua hakuna. Miezi ikapita. Nikaongeza maji ya dagaa, nikaliimbia. Baba akawa ananitania, "Kabula, hilo si waridi, hilo ni boma la ng'ombe." Nilipomuuliza Mama Justa, alinishika shavu. "Tulia, mwanangu. Likichelewa, ujue linajikusanyia nguvu."

Siku ya maonyesho nilikwenda mikono mitupu, nimesugua ndala zangu hadi zikang'aa, nikijiambia nitashangilia ya wenzangu. Kwenye meza ya mbele, ndani ya bilauri, palikuwa na ua la njano lenye kingo nyekundu. Pembeni yake Mama Justa, na wageni wa Dar es Salaam wameliinamia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba." Akawageukia wageni. "Huyu ni binti yangu, ananisaidia kumwagilia." Kisha akaniinamia, bado anatabasamu. "Umeliona waridi letu?"

Letu. Nilikimbia hadi nyumbani, nikaifukua ile samadi kwa mikono. Fundo halikuwapo. Palikuwa na mkato mmoja safi, chini ya pale lilipokuwa, wa mkono unaojua unachofanya. Baba alitoka akaanza utani wake, akaniona usoni, akaenda kunichotea maji ya kunawa.

Siku hizi Mwanza waridi linauzwa limefungwa nailoni, na jingine ni la plastiki, linafutwa vumbi kwa kitambaa. Chama kile sijakisikia tena. Mama Justa yu hai, mikono inamtetemeka, na juzi aliniita nimkatie waridi lake. Lilikuwa lile lile. "Sijui hata mche wake niliutoa wapi," alisema akiwa kitini. Nilishika mkasi, nikapapasa fundo, nikatazama chini yake kwa kitambo. Kisha nikakata juu, vizuri, kama alivyonifundisha.

"Matawi kayatupe, mwanangu," akasema.

Sikuyatupa. Niliyafunga kwenye khanga mbichi nikayapeleka hadi uani kwetu, moyo unaruka kama wa mtoto, maana yalikuwa na macho mazuri ya kupandikiza. Kile kisiki changu kimekuwa ua wa nyumba sasa, kimepanda ukuta hadi paani. Kila mwaka mvua zikikatika hutoa vijiua vyeupe vya petali tano, visivyo na jina kwenye meza yoyote, na nyuki hawakauki. Ili nilirudishe la njano, ingenibidi nikikate hadi chini. Nilikaa pale na mkasi mkononi, jua likazama. Miaka yote hiyo kilikuwa kikinywa maji yangu ya dagaa, na hakikuwahi kunidanganya kwamba ni kitu kingine. Nikayaweka yale matawi juu ya jalala, nikaingia ndani kuosha mikono.