Viza ya Kuingia Mara Moja

Nilikuwa fundi wa mashine za kuvunia kwenye mashamba ya ngano ya serikali, chini ya Mlima Hanang, nilipopelekwa Ulaya kwa miezi mitatu kujifunza gia na breki. Tulikwenda wawili. Mwenzangu alikuwa fundi mkuu wangu, mzee wa Dirma aliyekulia kwenye kuchunga ng'ombe, na ndiye aliyenifundisha kushika spana. Kiingereza hakukijua. Kila karatasi alinipa mimi, nikamsomea, naye akatia sahihi pale nilipomwonyesha kwa kidole.

Mke wangu nilimwacha Dongobesh kwa mama yangu, akiwa na mimba ya miezi saba. Walikubaliana kwamba siku zikikaribia apande basi mapema, akasubiri Haydom karibu na hospitali. Barua zilichukua wiki tatu kunifikia, kwa hiyo kila nilichosoma kilikuwa kimeshapita.

Kwenye karakana tulikofundishwa, watu walizungumzia treni ya zamani inayopanda mlima kwa meno. Katikati ya reli mbili kuna reli ya tatu yenye meno, na chini ya treni kuna gia inayoingia kwenye meno hayo moja baada ya jingine, ili isirudi nyuma. Nilitamani kuiona. Mzee hakutaka. Alisema Jumapili ni ya kupumzika. Nilimbembeleza wiki nzima mpaka akakubali.

Nilijua treni ile inavuka mpaka na kuingia nchi nyingine. Nilijua pia kwamba viza zetu zilikuwa za kuingia mara moja tu, maana nilizisoma mwenyewe siku tuliyofika. Sikumwambia. Nilijipa moyo kwamba watu wa matembezi hawakaguliwi.

Behewa lilikuwa la mbao, na kwa ukali wa mlima tulikaa kama watu wanaoteleza kutoka kwenye viti. Gia iligonga chini ya miguu yetu, na mzee akaanza kutabasamu. Akaniambia mlio uko sawa, hakuna jino lililolika. Mimi sikuweza kufurahi. Nilitazama nje, nikitafuta bendera.

Stesheni ya kwanza ng'ambo ya mpaka, askari wawili waliingia. Walizifungua pasipoti zetu, wakazipekua mara mbili, wakatuambia tushuke. Ofisini, mkubwa wao alinieleza polepole kwamba nchi yake hatuna ruhusa ya kuingia, na kule tulikotoka hatuna ruhusa ya kurudi. Huenda tukarudishwa kwetu. Treni ikaondoka bila sisi. Nyumbani nilikutamani kila siku, lakini kurudishwa namna ile kulikuwa na maana ya kufukuzwa kazi.

Mzee aliniuliza yule bwana amesema nini. Nikamweleza yote. Akanitazama.

"Ulijua?"

"Nilijua, mzee."

Alivua kofia yake, akaiweka magotini. Kisha akasema, "Mwambie ni mimi niliyekulazimisha kuja. Kama ni kumrudisha mtu, anirudishe mimi. Wewe una mtoto njiani."

Mkalimani nilikuwa mimi. Nilimwambia mkubwa yule uongo ule, neno kwa neno, masikio yakiniwaka moto, na mzee akitikisa kichwa kukubali maneno asiyoyaelewa.

Mkubwa yule alipiga simu, akapiga tena. Tulingoja mpaka alasiri. Mwishowe jibu likaja: kwa kuwa hatukugongewa muhuri wa kutoka, tutahesabiwa kuwa hatukutoka. Tulirudishwa kwa treni ya jioni chini ya ulinzi wa kondakta. Njia nzima mzee hakusema kitu kuhusu gia.

Mtoto alizaliwa salama, wa kike, kabla hatujafika nyumbani. Kazini hakuna aliyejua yaliyotupata, maana mzee hakumwambia meneja. Lakini tangu hapo karatasi zake za Kiingereza alimpelekea mtunza stoo. Nilimwona akivuka uwanja wa matrekta, karatasi mkononi, akinipita.

Baada ya mavuno nilikwenda kwake Dirma. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia vizuri, akanipa maziwa. Nikamwomba radhi.

"Nilikusamehe siku ileile," alisema. "Ila kusomewa, nitasomewa na mwingine."

Tulifanya kazi pamoja mpaka alipostaafu. Hakunipa tena karatasi hata moja.