Upande Wangu wa Msumeno

Mume wangu alipooa mke wa pili watu walingoja nilie, sikulia. Tulikuwa na msumeno wa watu wawili, yeye upande huu na mimi upande ule, na tangu tuoane tulikuwa tukikata nao magogo ya watu kuanzia kwetu hadi Mkumbara. Bi mdogo alikuwa na sura, sauti na kiuno, lakini kuvuta msumeno hakujua. Hapo ndipo nilipojishikiza.

Tulipohamia kijiji cha ujamaa, mvua za masika ziliangusha mvule mkubwa katikati ya kiwanja cha shule. Hata ulipolala chini ulinifika kifuani. Mwenyekiti wa kijiji aliona msumeno wetu ungechelewesha kazi, akatuombea wa mashine kwenye karakana ya shamba la mkonge, upande wa Mazinde. Mume wangu akatumwa akachague. Nami nikapanda trekta, nikidai naenda kumjulia hali shangazi yangu mgonjwa. Shangazi alikuwa mzima kabisa.

Fundi wa karakana alitutolea mashine ndogo, mpya, nyepesi. Mume wangu akainyanyua kwa mkono mmoja, akawa anacheka peke yake. Nikaitazama mbele na nyuma. Haikuwa na mahali pa mtu wa pili. Wallahi niliionea wivu kuliko nilivyomwonea bi mdogo siku ya harusi yake.

"Na ile pale?" nikauliza.

Ilikuwa kubwa, kuukuu, imeegemezwa ukutani. Ubapa wake, ule unaozungukwa na mnyororo wa meno, ulikuwa mrefu, na kwenye ncha ya ubapa kulikuwa na mshikio mwingine.

"Ile ni ya watu wawili, mama," fundi akasema. "Mmoja anashika injini, mwingine anashika huku mbele. Nzito sana."

Nikamgeukia mume wangu, nikamwambia haka kadogo hakafiki katikati ya mvule. Utakata huku, utazunguka kule, na mnyororo utabanwa. Yote yalikuwa kweli. Ya moyoni nikayaacha moyoni.

Akafikiri, akairudisha ile ndogo. "Umesema kweli, mke wangu. Tuchukue hii."

Njia nzima nilikaa kwenye tela nimeushika mshikio wa mbele, nikiwapungia mkono watu nisiowajua.

Usiku ule ulikuwa zamu ya bi mdogo. Kwa mara ya kwanza sikujali, nikalala usingizi wa pono.

Asubuhi nilijifunga kanga kiunoni, nikaenda kiwanjani. Kijiji kizima kilikuwepo. Nikamkuta bi mdogo amesimama kwenye ncha ya ubapa, ameshika mshikio wangu, na mume wangu anamwelekeza namna ya kukaza vidole.

"Umekuja," mume wangu akaniambia kwa upole. "Wewe umevuta miaka yote hii. Sasa pumzika, tumwachie mwenzio."

Wanawake wakasema nimepata mume mwenye huruma, na mmoja akakimbia kuniletea kigoda. Nikakaa, ningefanya nini mbele za watu? Wakawasha mashine. Niliomba mikono ya yule mwanamke ife ganzi. Haikufa. Ubapa ulizama mpaka katikati ya mvule, na mnyororo haukubanwa hata mara moja, kama nilivyosema.