Mwizi wa Sakafu

Jirani yangu simpendi, na sitasema uongo kwa sababu tu ni mtu mzima kunizidi. Tunaishi ua kwa ua katika kijiji kimoja nje ya Mkata, yeye Mzigua wa hapohapo, mimi Msambaa niliyeshuka kutoka Kwashemshi kumfuata mume. Kwa hiyo sisi ni watani. Utani ni mzuri msibani, unapunguza kilio. Kwa mtu mwenye jambo la kweli la kusema ni balaa, maana ukifungua mdomo tu watu wanajiandaa kucheka.

Kisima chetu kilipopimwa, maji yalikutwa na madini yenye mionzi, kitu kitokacho kwenye miamba huko chini, kisicho na rangi wala ladha. Mradi wa maji ukatuletea chujio, pipa refu la chuma lililojazwa mchanga mweusi wa kuyanasa madini hayo, nami nikafundishwa kulitunza. Kubwa nililoambiwa ni kwamba chujio haliui kitu. Linayakamata yale madini na kukaa nayo, na siku mchanga ukishiba, wenyewe ndio unakuwa wa kuogopwa. Ulioshiba tuliutia kwenye viroba nyuma ya kibanda cha pampu, tukisubiri gari la mradi lije kuuchukua.

Gari halikuja. Jirani ndiye aliyekuja.

Binti yake alikuwa amerudi kwao kutoka Korogwe ajifungue mimba ya kwanza, na chumba chake kilitaka sakafu. Jirani akauona ule mchanga, mlaini, hauna hata jani moja. Akauchota mchana kweupe, akauchanganya na udongo na samadi, akasakafia. Mimi nilikuja kujua mtoto akiwa ameshazaliwa, nilipoingia kumpa mzazi hongera nikaona weusi unameta pembeni mwa mkeka. Mama na kichanga walikuwa wamelala palepale chini, kwenye godoro, na arobaini ilikuwa bado mbali.

Nilimvuta jirani uani nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akawaita wenzake waje wasikie.

"Msambaa anautaka mchanga wake," akasema. "Choyo hicho."

"Mama, mtoto ataumia. Ule mchanga ni mchafu."

"Si ndio unaotusafishia maji? Sasa kinachosafisha maji kitachafuaje nyumba?"

"Na tambara ulilompangusia mtoto kinyesi, utajitanda kichwani?"

Wakacheka mpaka wakashikana mabega. Walidhani namtukana kwa utani, na mmoja akanisifu kwamba siku hiyo nimempata. Nyumbani mume wangu aliniambia nimezidi mizaha. Mwenyekiti wa kijiji alisema tusubiri mradi.

Nilimchukia yule mama kwa moyo wote, kisha nikauchukia na utani wenyewe. Nikiwa katika kuuchukia ndipo nikakumbuka sheria yake nyingine. Mtani akichukua kitu chako, humfukuzi wala humshtaki. Unacheka, halafu unamkomboa, yaani unampa chochote, ndipo akurudishie.

Asubuhi nikapiga hodi, jembe begani na ndoo mkononi.

"Karibu, mtani. Leo umekuja na lipi?"

"Nimekuja kuiba sakafu."

Yeye na wenzake waliokuwa uani walipiga vigelegele. Godoro walilitoa wao wenyewe, wakamtoa mzazi na mwanawe, wakakaa kivulini kunitazama. Nikajifunga kanga mdomoni na puani, nikakilima kile chumba kama shamba la mihogo mpaka udongo mwekundu ukatokea. Mchanga niliubeba ndoo kwa ndoo kuurudisha kwenye viroba, na hakuna aliyeniacha nipite bila neno la kuniudhi. Mgongo uliniuma na hasira ndiyo iliyokuwa ikinibeba.

"Haya mwizi," jirani akasema nilipomaliza, "tukukomboe kwa nini? Jogoo?"

"Sitaki kukombolewa. Mzazi na mtoto walale kwangu mpaka upige sakafu ya udongo mtupu."

Hapo akanitazama bila kucheka. Mtani akikataa kukombolewa, utani umekwisha, amebaki mwizi wa kawaida. Alinieleza hivyo mbele ya watu, kisha akampeleka binti yake kulala kwa dada yake, kwangu hakutaka. Sakafu aliipiga upya kwa udongo mtupu, akinisema kwa kila aliyepita. Kisimani akasema, na misibani akasema. Sijawahi kuombwa radhi na siitarajii.

Viroba nimevifungia ndani ya kibanda, ufunguo nimeuvaa shingoni. Gari bado.

Mtoto ni mzima. Anakimbia kijiji kizima na sasa anasema maneno yote. Bibi yake amemfundisha adabu, hilo sitamnyima. Akinikuta njiani anasimama, anaunganisha viganja, anainamisha kichwa.

"Shikamoo, mwizi."

"Marahaba," namjibu.