Viota vya Juu ya Mimbari

Kila asubuhi, kabla hajatia ufunguo kwenye kufuli ya mlango wa kanisa, alikuwa anapiga hodi. Kanisa tupu, mabenchi matupu, hakuna hata panya wa kuitikia, lakini yeye anagonga kwa kidole chake kilichopinda, anasema, "Hodi humu ndani," halafu anasubiri kidogo, kama mtu anayemsikiliza mwenye nyumba akitafuta ndala zake chini ya kitanda. Ndipo anafungua. Watu walimwona, na watu hawakosi la kusema, wakampa jina: Mama Hodi. Likamkaa kuliko lile la ubatizo.

"Nyumba ina mwenyewe," aliwajibu waliomcheka. "Nikiingia bila hodi nitakuwa mwizi mwenye ufagio."

Kazi yake ilikuwa kufagia, kupiga deki, kufuta mabenchi na kubadilisha maji ya maua. Lakini kabla ya hayo yote kulikuwa na kazi moja ambayo hakutumwa na mtu. Juu ya mimbari, pale boriti inapokutana na ukuta, mbayuwayu walikuwa wamejenga. Jioni alitandika maboksi yaliyokunjuliwa juu ya mimbari na juu ya meza ya Bwana. Asubuhi aliyakunja taratibu, uchafu wao ndani, akayapeleka kwenye shimo la taka, kisha akafuta mbao kwa maji ya sabuni. Waumini wakiingia, meza inang'aa. Hakuna aliyejua kwamba humo ndani mna wapangaji.

Hakuwapenda ndege hao hivi hivi tu. Binti yake, mtoto pekee aliyemzaa, alifariki akijifungua, na kichanga kikamfuata. Watu wa kanisa walikuja, wakakaa, wakaimba, wakamwambia, "Mshukuru Mungu, mama. Kwa yote." Akajaribu. Neno lilifika kooni likakwama kama mwiba wa samaki. Asubuhi moja baada ya mazishi, amekaa benchi la mbele, ufagio magotini, hana nguvu ya kufagia wala ya kulia, akamwona mbayuwayu akiingia dirishani na tope mdomoni. Kitonge kidogo kama punje ya choroko. Akakibandika, akatoka. Akarudi na kingine. Ndege hana mikono, hana ndoo, hana fundi wa kumdanganya, anajenga nyumba kwa mdomo ule ule anaolia nao. Mama Hodi akajikuta anasema, "Asante kwa huyu." Sauti yake mwenyewe ikamshtua. Aligeuka kuangalia nani kasema.

Tangu hapo akawa na mpango wake. Wahenga walisema asiyeshukuru kidogo hata kikubwa hashukuru, basi yeye ataanza na kidogo. Leo tope. Kesho umande kwenye utando wa buibui, namna unavyong'aa bila kuombwa. Siku nyingine kumbikumbi waliotoka ardhini mvua ilipokatika, au harufu tu ya majani yaliyolowa nyuma ya choo cha kanisa. Atapanda hivyo hivyo, kama mtu kwenye ngazi, mpaka siku moja afike kule juu, aweze kushukuru kwa ajili ya binti yake bila kusaga meno. Na asipofika, alijijua, hatakuwa na neno jingine la kumwambia Mungu. Ngazi yenyewe iliegemea kwenye kiota.

Alikuwa akiishi na wifi yake, dada wa marehemu mumewe, kwenye chumba kimoja cha kupanga, pazia katikati. Wifi naye hakujua kunyamaza.

"Wifi, leo umeshukuru nini? Kunguni?"

"Kunguni bado sijawafikia."

"Ukiwafikia niite. Wa kitanda changu wamenona, watakupa ibada nzima."

Walicheka, kila mtu upande wake wa pazia.

Kosa lake alilifanya Jumapili moja, kwa furaha. Makinda walikuwa wameanguliwa. Asubuhi ile, akikunja maboksi huku vile vimidomo vya njano vikipiga kelele juu yake, alitaja jina la binti yake na neno asante kwa pumzi moja. Halikukwama sana. Ulipofika wakati wa ushuhuda, yeye ambaye hakuwahi kusimama, akasimama.

"Mimi sina makubwa," akasema. "Sikupona ugonjwa, sikupata kazi. Nimeona ndege tu. Wako hapo juu ya mchungaji, wana watoto. Mama anakuja na mdudu, baba anakuja na mdudu, na hata wakichoka hawaambiani sasa basi. Mimi nilikuwa siwezi kushukuru. Hao ndio wamenifundisha. Namsifu Mungu kwa ajili yao."

Amina ilipigwa, vigelegele vikapigwa, na vichwa vyote vya kanisa vikainuka kutazama boriti. Kilichoinuka pamoja na vingine kilikuwa cha mzee mmoja wa kanisa, mwenye suti ya kahawia, ambaye alilitaja sana neno utaratibu vikaoni mpaka likawa jina lake. Baada ya ibada alimfuata Mama Hodi mlangoni.

"Mama Hodi, hao ndege haja zao wanamalizia wapi?"

"Kwenye maboksi yangu, mzee. Natoa kila asubuhi."

"Juu ya meza ya Bwana?"

"Juu ya boksi, mzee. Boksi ndilo liko juu ya meza."

"Na askofu anakuja, na boriti inapakwa rangi! Hapana, mama. Kuna utaratibu."

Hapo ndipo alipoliona kosa lake. Ndege walikuwa salama kwa sababu hakuna aliyewatazama, na yeye kwa mdomo wake ndiye aliyewaonyesha. Alikimbilia kwa mchungaji, kijana mpole asiyependa kugombana na mtu.

"Usilie, mama. Umenibariki leo," mchungaji akamwambia. "Tutasubiri makinda waruke kwanza. Nakuahidi."

Hata ahadi hiyo aliishukuru.

Katikati ya wiki alifika akakuta kufuli imening'inia, mlango wazi. Akasita. Kisha akagonga ubao kama kawaida yake. "Hodi humu ndani."

"Karibu!" sauti ikaitika kutoka ndani.

Miaka yote aliyogonga hakuwahi kuitikiwa. Aliingia. Fundi rangi alikuwa juu ya ngazi, kopo mkononi, boriti nusu nyeupe.

"Pita, mama, usiguse tu huo upande, rangi bado mbichi."

Chini, mbele ya mimbari, palikuwa na udongo mkavu uliovunjika vipande vipande, manyoya, na vitu vidogo vya waridi ambavyo hakutaka kuvitazama na akavitazama.

"Nani kavunja?"

"Mimi, kwa mpini wa brashi. Havikunisumbua hata."

"Walisema tusubiri waruke."

"Mama yangu, mimi nimeambiwa nipake, sikuambiwa nilee." Akacheka. Alipomwona uso akaacha. "Mzee Utaratibu kaniambia mfagiaji atakuja kuzoa. Ndiye wewe?"

"Ndiye mimi."

Akachukua ufagio. Angefanya nini? Alizoa udongo ule ule aliouona ukija kitonge kwa kitonge. Kinda mmoja alikuwa bado anapumua. Akamweka kiganjani, na kile kimdomo cha njano kikafunguka kumwelekea yeye, kikingoja kulishwa. Hakuwa na kitu cha kukitia. Alipofika kwenye shimo la taka kilikuwa kimefumba. Huko ndani wazazi wake waliingia kwa dirisha hili, wakatokea lile, wadudu midomoni.

Jioni wifi akauliza nyuma ya pazia, "Wifi, leo nini?"

"Leo hakuna."

"Hata kunguni?"

"Hata kunguni."

Wifi hakucheka. Alisogeza pazia, akamwona amekaa kitandani na viatu miguuni, akalirudisha polepole.

Kesho yake mchungaji alimfuata akipiga deki. "Nisamehe, mama. Fundi alipata nafasi mapema, na mzee hakuniuliza. Lakini nina ombi. Jumapili, mbele ya askofu, utautoa tena ule ushuhuda? Wa ndege na watoto wao. Watu bado wanausema."

"Ndege hawapo, Mchungaji."

"Ushuhuda upo, mama."

Alimtazama aone kama anatania. Hakuwa anatania.

Jumapili kanisa lilijaa mpaka milangoni. Boriti ilimeremeta kwa rangi ya mafuta, askofu amekaa chini yake, na mzee Utaratibu alitabasamu kama mtu aliyemwoza binti. Mchungaji akaita, "Mama yetu mpendwa, simama utushuhudie!"

Akasimama. Kabla hajafungua mdomo, mbayuwayu akaingia dirishani na tope mdomoni. Akazunguka juu ya vichwa, akaifikia boriti pale pale pa zamani, akabandika. Rangi ilikuwa laini kama sahani. Tope likateleza, likadondoka kwenye kitambaa cheupe cha meza. Ndege akatoka. Mzee Utaratibu akanyanyuka haraka na leso yake. Ndege akarudi na jingine.

"Nilikuwa nao," Mama Hodi akasema.

Watu wakasubiri sehemu iliyobaki. Alilitafuta lile neno ndani yake, kuanzia kifuani mpaka kooni. Safari hii halikukwama. Halikuwepo.

Akatoa ufunguo wa kanisa mfukoni, akauweka juu ya benchi, akashika njia ya katikati. "Wifi," wifi yake akanong'ona akimvuta nguo, "wifi, kaa basi, watu wanatazama." Nguo ikamponyoka. Mlangoni, yeye ambaye kila jioni alimuaga Mwenye nyumba hata akiwa mgonjwa, alipita bila kuaga.

Getini palikuwa na dimbwi la mvua ya jana, na mbayuwayu wametua ukingoni wanachota tope. Akawaona vizuri, hata manyoya yao ya shingoni. Midomo yake haikutikisika. Akawazunguka asiwakanyage, akafika pale barabara inapokata kwenda chumbani kwao. Hakukata. Wifi alipofika getini akiita, barabara ilikuwa tupu.

Hakurudi, si kanisani wala chumbani. Pazia la katikati lilikaa miezi mingi kabla wifi hajaliondoa.