Mtamba wa Mama Vumilia

Siku yangu ya kwanza kazini, mwanzoni mwa miaka ya hamsini, Bwana Agronomu wa Masisi, afisa wetu wa kilimo, alinikabidhi jembe kabla hajaniambia hata niketi. "Wewe iko moniteri sasa," akasema. "Lakini shuka kwanza kwa shamba, nione kama unajua kulima." Nilikuwa nimevaa kaptura mpya ya kaki, imepigwa pasi ya makaa. Nilipopanda tena kutoka topeni, kaptura haikutazamika, naye alikuwa anacheka.

Moniteri wa kilimo, ninyi vijana mnaosoma haya, alikuwa mtu wa kati: juu yake agronomu, chini yake milima yote. Kazi yangu kubwa ilikuwa mitaro. Mvua ya kwetu hupora udongo mchana kweupe, kwa hiyo serikali ilitaka kila shamba la mteremko likatwe mitaro ya kukingama, maji yasimame na ardhi iyanywe. Tuliipima kwa pembetatu ya miti yenye kamba na jiwe. Kamba ikitulia katikati ya mti wa chini, hapo pako sawa, chimba. Aliyemaliza shamba zima alipewa ruzuku, sisi tukiiita prime: jembe, mbegu za maharage, na mwaka ule, kwa mara ya kwanza, mtamba, yaani ng'ombe jike ambaye hajazaa, ili samadi irudi shambani.

Mama Vumilia, mjane, ndiye aliyemaliza wa kwanza kilimani petu. Mitaro yake niliipima mwenyewe. Siku ya kugawa, uwanja umejaa watu, shemeji yake, Papa Bahati, akajitokeza.

"Ile shamba iko ya marehemu kaka yangu," akasema. "Ngombe iko yangu. Mwanamuke atafanya nini na ngombe?"

Wazee wakaguna kukubali. Ng'ombe alihesabiwa mali ya wanaume, na kanuni ya serikali ilisema tu "mwenye shamba". Bwana Agronomu alikuwa ameanza kumwongoza Papa Bahati kwa yule mtamba. Nilipandwa na hasira. Udongo wa yule mama ulikuwa umechoka, na bila samadi usingewalisha watoto wake.

"Bwana," nikasema, "ile mitaro ilichimbwa na majirani wote. Tuwaulize walikula kwa nani."

Kazi ya pamoja, hii mnayoiita leo salongo, ina sheria yake: anayewaita watu ndiye anayewapikia, na kazi inakuwa yake. Hakuna aliyewahi kubishania jambo hilo kwetu.

Agronomu akaugeukia umati. "Mulikula kwa nani?"

Kumkana Papa Bahati hadharani hakukuwa mchezo. Kisha akasimama mke wake mwenyewe.

"Mimi nilichimba," akasema. "Nilikula bugali na sombe kwa Mama Vumilia. Kwetu ile siku hata moto haikuwaka."

Uwanja ukapasuka kwa kicheko. "Na mimi! Na mimi!" wakaitika wengine, hata wale wazee.

"Na wewe, Papa Bahati?" agronomu akauliza. "Ulikula wapi?"

Akatazama miguu yake. "Kwake," akasema.

Mama Vumilia alimshika mtamba kamba, vigelegele vikamsindikiza mpaka kwake. Nilitembea nyuma yao nikiimba, nami sijui kuimba.

Baadaye nilihamishiwa Ntoto, kwa agronomu mkali asiyecheka, kisha Hombo, kwa mwingine mpole mno. Kote, kabla ya kutoa prime, nilihakikisha swali lile linaulizwa kwanza, na majina ya akina mama yakaanza kuitwa uwanjani. Hilo ninajivunia, na siombi radhi.

Mwaka niliostaafu nilipita Masisi kumsalimu Mama Vumilia. Zizi lilikuwa limejaa. Nikamuuliza ni nani anayemchungia ng'ombe wote wale.

"Ni Papa Bahati njo muchungaji, Papa Moniteri," akasema, akinimiminia maziwa. "Tena anachunga muzuri sana."

Nilicheka mpaka machozi, nikaomba kikombe cha pili.